TAMKO MOJA, MAANA MBILI
Somo katika jinasi na tauria, na hukumu zake katika sharia

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemfunza mwanadamu kubainisha, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyepewa maneno machache yenye kukusanya maana nyingi, na ziwafikie jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad:

Alinijia mtu mmoja usiku, baada ya swala ya Isha, katika siku za mwisho za msimu wa karafuu. Akakaa barazani pangu asiseme neno, mpaka wanafunzi walipokwisha kufunga vitabu vyao na kuondoka. Kisha akaniuliza, "Shekhe, neno likiwa na maana mbili, mtu huhesabiwa kwa maana ipi?" Nikamjibu, "Hilo hutegemea neno lenyewe, na aliyeambiwa." Akainamisha kichwa. Nikajua hakuja kuniuliza habari za nahau.

Habari yake nitaieleza mwisho, kwa kuwa haifahamiki vyema ila baada ya kufahamika yaliyo kabla yake. Na haya yaliyo kabla yake watu wetu huyachukulia kuwa ni mchezo, na baadhi yake ni mchezo kweli, na baadhi yake ni moto.

Jua, ndugu msomaji, ya kwamba lugha yetu hii imejaa maneno yaliyo sawa kwa sauti na mbalimbali kwa maana. Twasema paa, nalo ni paa la nyumba, na ni paa mnyama wa mwituni, na ni kupaa kwenda juu, na ni kupaa samaki magamba yake. Twasema kata, ikawa ni kifuu chenye mpini cha kutekea maji, ikawa ni ile ngata aiwekayo mchukuzi kichwani chini ya mzigo, ikawa ni amri ya kukata. Twasema mbuzi, na mbuzi mmoja hula majani na mbuzi wa pili hula nazi, nao wote wawili hukaa katika ua mmoja. Na huo ua nao si ua tu, maana liko ua la mti, na liko neno la kumuua mtu.

Tena zamani, tulipokuwa tukiandika lugha yetu kwa herufi za Kiarabu, taabu ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu Waarabu hawana herufi ya pa, na waandishi wetu wengi wakiandika ba mahali pake, na ile mim itanguliayo ba wakiiacha kabisa. Basi mtu akiandika ba na ta na fat-ha zake, msomaji aweza kusoma bata, na aweza kusoma pata, na aweza kusoma mbata. Fikiri hati ya deni iliyoandikwa hivyo: mmoja adai ndege, na mwenziwe aleta nazi kavu! Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa katika waliojitahidi kuzipa herufi hizo alama za kupambanua sauti zetu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Lakini katika majina lugha yenyewe hutuokoa. Akisema mtu "paa huyu" hatutazami juu ya nyumba, na akisema "mbuzi hii imekuwa butu" hapana atakayekwenda kuitafuta malishoni. Viungo vya maneno hutupambanulia. Mashaka yenyewe yamo katika vitenzi, kwa kuwa kitenzi kikiwa na maana mbili, mara nyingi hakina kiungo cha kukitenga na maana yake ya pili. Hakina ila nia ya msemaji, nayo imo ndani ya kifua. Shika neno hili, tutalirudia.

Washairi walilijua jambo hili kabla ya wanavyuoni wetu kuliandika. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi baina ya 1776 na 1840, alisifika kwa kulichukua neno moja akaligeuza kila upande mpaka msikilizaji asijue limtokee wapi. Na hapa kwetu Pemba walikuwako Kamange na Sarahani, ambao tungo zao zilikusanywa zikapigwa chapa katika kitabu mwaka 2011 kwa uhariri wa Abdilatif Abdalla. Wazee wetu wakikaa na mashairi ya namna hiyo usiku kucha, huyu akifunga na huyu akifungua, na mimi sioni ubaya wake maadamu hapana aliyetukanwa wala swala iliyopita wakati wake.

Waarabu wameifanya elimu hii kuwa ni fani, wakaiita badii. Wa kwanza kuitungia kitabu chake peke yake ni Abdallah bin Al-Muutazz, mwaka 274 wa Hijra. Naye ni yule aliyetawazwa ukhalifa kule Baghdad mwaka 296, asikae nao ila siku moja, kisha akauawa. Katika milango ya fani hiyo iko miwili ituhusuyo sisi leo. Wa kwanza ni jinasi, nayo ni maneno mawili kufanana kwa sauti na kuhitalifiana kwa maana. Wa pili ni tauria, nayo ni neno moja lenye maana mbili, moja ya karibu aifahamuye kila asikiaye, na moja ya mbali, na msemaji akakusudia ile ya mbali huku akimwacha msikilizaji ashike ile ya karibu.

Jinasi imo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Suratu Rrum, aya ya 55, neno saa limekuja mara mbili: la kwanza ni Kiyama, na la pili ni muda mchache ambao waovu wataapa kwamba hawakukaa zaidi ya huo. Na katika Suratul Kahf, aya ya 104, yamekuja maneno yahsabuna na yuhsinuna, la kwanza ni kudhani na la pili ni kutenda vizuri. Ukiyaondoa mairabu hutayapambanua ila kwa nukta moja, huku iko chini na huku iko juu. Na maana ya aya ni habari za watu wanaodhani kuwa wanatenda vizuri hali amali zao zimepotea. Umeona jinsi lilivyo jembamba lililo baina ya dhana na wema!

Ama tauria, hukumu yake si moja. Iko iliyo mubaha, na iko iliyo makuruhu, na iko iliyo haramu, na iko ambayo mtu husifiwa kwayo.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alijiwa na mtu akimtaka mnyama wa kupanda. Akamwambia kuwa atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akastaajabu, atamfanya nini mtoto wa ngamia? Mtume akamuuliza, je, ngamia yeyote huzaliwa na nani ila na ngamia? Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Huu ni mzaha, na ndani yake hamna uwongo, wala aliyefanyiwa hakupoteza kitu. Alipewa ngamia wake akaenda zake. Hiyo ndiyo mizani ya mzaha.

Na katika safari ya Hijra, Abubakar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa akijulikana na watu wa njiani kwa biashara zake, na Mtume hawakumjua kwa sura. Wakamuuliza, ni nani huyu aliye mbele yako? Akajibu kuwa ni mtu amwongozaye njia. Wakadhani ni mjuzi wa njia za jangwani, naye alikusudia njia ya kheri. Imo katika Bukhari kwa mapokezi ya Anas. Angesema kweli kwa maana yake ya karibu, wangemsaliti Mtume wa Mwenyezi Mungu kwa waliokuwa wakimtafuta wamuue. Na uwongo hakutaka kuusema. Basi tauria ikawa ndiyo mlango wa tatu.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameupambanua mlango huu katika kitabu chake Al-Adhkar. Muhtasari wa aliyoyasema ni kwamba, ikiwa iko maslaha ya kisharia yenye nguvu kuliko kumhadaa msikilizaji, au haja isiyopatikana ila kwayo, hapana ubaya; na ikiwa hapana haja, ni makuruhu wala si haramu; ila ikiwa mtu ataifikia kwayo batili au ataiondoa kwayo haki, hapo huwa haramu. Na amesimulia humo kwamba Shaabi alikuwa akitafutwa na mtu asiyetaka kuonana naye, huchora duara chini, akamwambia kijakazi wake atie kidole ndani yake na aseme, hayuko hapa. Nasi vijana tulipoisoma habari hii kwa mwalimu wetu tulicheka sana, na kesho yake kila mtoto wa chuo alikuwa na duara lake. Mwalimu alituchapa, akatufundisha kuwa ruhusa ya mwenye haja si mchezo wa asiye na haja.

Sasa twende kwenye kiapo, kwani hapo ndipo watu wengi wa pwani hii wanapoteleza.

Suwaidi bin Handhala alitoka pamoja na wenziwe kumwendea Mtume, na kati yao alikuwako Wail bin Hujr. Adui wa Wail akamkamata. Wenziwe wakaona haya kuapa, Suwaidi akaapa kuwa huyu ni ndugu yake, akaachiliwa. Alipomweleza Mtume, Mtume akamsadikisha, kwani Mwislamu ni ndugu wa Mwislamu. Basi watu huichukua hadithi hii, nayo imo katika Abu Daud, wakaifanya ni ufunguo wa kila kufuli. Mtu anadaiwa pishi za karafuu, akapelekwa mbele ya kadhi, akaapa, "Wallahi huyu hana kitu chake mkononi mwangu," na moyoni mwake amekusudia huu mkono wa nyama na mifupa, ambao wakati ule kweli ulikuwa mtupu! Akatoka akifurahi kuwa hakusema uwongo.

Amesema uwongo, naye ameapa kwao. Muslim amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kuwa kiapo cha mtu ni juu ya lile ambalo mwenziwe humsadikisha kwalo, na katika mapokezi mengine, kiapo ni kwa nia ya mwenye kuapisha. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu wamebainisha: kadhi akimwapisha mtu katika dai la haki, basi neno hufasiriwa kwa nia ya kadhi, na tauria ya mwenye kuapa haimfai kitu, na dhambi ya kiapo cha uwongo ni juu yake. Suwaidi hakuwa mbele ya kadhi. Alikuwa mbele ya dhalimu. Wala hakumnyang'anya mtu haki; aliokoa roho. Basi mwenye deni la karafuu amepata wapi kujifananisha naye?

Na liko jambo jingine, tauria ya ubaya, yaani kulitumia neno jema kwa kukusudia ovu. Waislamu wa Madina walikuwa wakimwambia Mtume "raaina," yaani utuangalie. Wako waliolipata neno hili wakalipinda kwa ndimi zao mpaka likafanana na neno la upumbavu, wakacheka wao kwa wao. Ikashuka aya ya 104 ya Suratul Baqara, Waislamu wakakatazwa neno lenyewe hali wao waliliwekea nia njema, wakaamrishwa kusema "undhurna," lisilo na tundu la kupitia mwovu. Na wako waliokuwa wakiingia kwa Mtume wakisema "assamu alaikum" mahali pa "assalamu," na samu ni mauti, Bibi Aisha akalisikia akawarudishia kwa ukali, na Mtume akamtaka upole, kwani yeye naye alikwisha kuwajibu, "na juu yenu." Basi wewe upitaye mbio ukatupa "samalekum" juu ya watu wa baraza, hukukusudia ubaya, nami najua, lakini isikilize sauti yako mwenyewe.

Kwa kuwa tumefika kwenye sauti, nitaje kwa ufupi la swala. Ndimi zetu hulegeza herufi za Kiarabu, na baadhi ya kulegeza huko hubadili maana. Qalbu ni moyo na kalbu ni mbwa; angalia waombaje. Na katika Fatiha, Dhaalliina ni kwa dhadi, nayo ni wapoteao. Ukiifanya dha, ile ndugu ya twa, imekuwa neno jingine, lenye maana ya wanaoshinda mchana kutwa. Nawawi ameandika katika Minhaj kwamba kisomo hicho hakisihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwa mwenye kuweza kujifunza. Na asiyeweza kwa ulimi mzito ana udhuru wake. Mwenye kutaka zaidi na aje darasani. Jambo hili hufundishwa kwa kinywa wala si kwa karatasi.

Turudi sasa kwenye vitenzi, na kwa yule mtu wa barazani.

Walii akimwambia mchumba, "Nimekuoza binti yangu," neno hili kuoza kwa Kiswahili ni kumpa mtu mke, na tena ni kuharibika kwa embe. Watoto wa chuo hucheka kila wakilisikia. Lakini katika mahali pake halikisii ila maana moja, na mashahidi wawili waliokaa hapo hawana shaka. Nikahi kwa lugha isiyokuwa Kiarabu yasihi katika kauli iliyo sahihi zaidi, ila haisihi kwa kinaya, yaani tamko linalochukua maana mbili. Sababu yake ni kuwa mashahidi hushuhudia tamko, na nia hawaioni.

Talaka si hivyo. Talaka hupita kwa tamko la wazi, hata asiponuia, na hupita kwa kinaya akinuia. Na mfano wa kinaya umo katika hadithi mbili zilizo sahihi, zenye tamko lile lile. Kaab bin Malik, aliposusiwa baada ya vita vya Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra, akaamrishwa ajitenge na mkewe, alimwambia, nenda kwenu. Na haikuwa talaka, kwa kuwa hakuinuia. Na yule mwanamke wa Kijauni, aliyejikinga kwa Mwenyezi Mungu na Mtume, akaambiwa vile vile aende kwao. Ikawa ndiyo kuachwa kwake. Sauti ni moja, herufi ni zile zile, na huyu ni mke na yule si mke.

Basi neno "nimekuacha" ni la wazi au ni kinaya? Kuacha kwa Kiswahili ni kuondoka ukabakiza kitu nyuma: nimeacha kofia msikitini, nimemwacha ndugu yangu bandarini. Na kuacha ni talaka. Wanavyuoni wamesema kuwa tarjama ya neno talaka kwa lugha nyingine ni tamko la wazi katika madhehebu. Nasi hatuna neno la asili la lugha yetu kwa talaka ila hili: mwanamke aliyetalikiwa twamwita aliyeachwa, na tukisema fulani kaachika hapana aulizaye kaachwa wapi. Kwa hivyo mimi naona, na ndivyo nilivyosomeshwa, kuwa mume akimkabili mkewe kwa neno hili peke yake, ni wazi. Ila akiliunga kwa tamko moja na lenye kuligeuza, akisema "nimekuacha nyumbani," na nia hiyo ikawa naye kabla ya kumaliza kusema, limegeuka.

Na mwenye kusema la wazi, kisha akadai kuwa alikusudia maana nyingine, hakubaliwi kwa dhahiri ila kwa dalili ya hali. Walakini baina yake na Mola wake huachiwa nia yake. Na hapa ndipo palipo pazito. Ikiwa yeye ni mkweli katika nafsi yake, basi kwa Mola wake angali mume. Na mkewe, kwa alilolisikia, ni juu yake kujitenga naye. Imamu Shafii amepokewa akisema katika hali hii kwamba mume ana haki ya kumtafuta, na mke ana wajibu wa kumkimbia. Watu wawili, kila mmoja amtii Mungu kwa kumpinga mwenziwe, na kilichowatenga ni kitenzi kimoja.

Yule mtu wangu alikuwa amekwisha kutoa talaka mbili katika miaka iliyopita, na kila mara akirejea. Jioni ile waligombana yeye na mkewe kwa fedha za karafuu. Alikuwa na safari ya Unguja kwa chombo cha usiku. Akasimama mlangoni akasema, "Basi mimi nimekuacha," akatoka. Aniambia kuwa alikusudia, nimekuacha na nyumba na watoto na karafuu zilizo juani. Majirani walisikia. Ingekuwa ni talaka ya kwanza au ya pili ningalimwambia, rejea katika eda kwa neno la wazi, na shaka imekwisha. Lakini hii, ikiwa ni talaka, ni ya tatu.

Safari hakwenda. Nikamwambia asirudi nyumbani usiku ule, akalala barazani, na asubuhi tukafuatana kwenda kwa kadhi. Njiani akaniuliza kama akiapishwa aweza kuapa kwa namna ya kujisitiri. Nikamwambia kuwa mbele ya kadhi neno ni la kadhi, na mlango huo umefungwa.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikwisha kutangulia pamoja naye. Kadhi aliuliza mambo matatu: lilitanguliwa na nini tamko lile, lilifuatwa na neno gani, na mfuko wa safari ulikuwa wapi alipolitamka. Mume akasema ulikuwa begani. Mke akasema ulikuwa ndani, juu ya kitanda, na ni yeye aliyempelekea nje baadaye, kwa kuwa hakutaka arudi kuuchukua. Mume akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Ni kweli, ulikuwa ndani."

Hakukubaliwa kauli yake kwa dhahiri, na eda ya mkewe ikahesabiwa tangu jioni ile.